SABUNI KWENYE BOMBA: NANI ANALIPIA NGOZI YA MPIGA DAWA?

Na Mwandishi wa Kujitegemea, Dar es Salaam

NDUGU msomaji, kabla hujaula mchicha wako mchana wa leo, jiulize swali moja: aliyeupigia dawa yuko wapi? Dawa ile haikuishia yote kwenye jani. Nyingine iliishia mgongoni kwa kijana mwenzako anayelipwa kwa kutwa, mwenye kandambili miguuni na fulana ya kampeni mwilini, ile ile aliyogawiwa bure na waliomwahidi ajira.

Namjua kijana huyo. Ni mimi.

Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakatoka kama yalivyotoka, nilizunguka mji kutafuta kibarua mpaka soli za viatu zikaniaga. Mwisho nikaangukia kwenye bustani za mboga bondeni. Tajiri wangu, ambaye simtaji, alinikabidhi bomba la mgongoni la lita 16, chupa ya dawa ya wadudu na pakiti ya sabuni ya unga. Nikamwuliza sabuni ni ya nini. Akanicheka. "Kijana, bila sabuni dawa haishiki jani. Inateleza, inaanguka chini, hasara yangu."

Bomba lilikuwa linavuja kwenye mfuniko. Kila nilipoinama, mchirizi ulishuka mgongoni, ukapita kiunoni, ukaingia kwenye bukta. Nilipomweleza tajiri, aliniambia nikaze mfuniko na nikaze na moyo. Kufika saa sita mchana jasho na dawa vilikuwa kitu kimoja. Jioni nilijisugua kwa sabuni ile ile ya unga na dodoki, nikajiona nimetakata.

Usiku kichwa kikaanza kugonga. Mate yakanijaa mdomoni, macho yakaona ukungu, misuli ya mapaja ikawa inachezacheza yenyewe. Kwenye zahanati moja walinipa dawa za malaria. Tajiri alinipa pakiti ya maziwa, eti yanakata sumu.

Maziwa! Sumu imepitia mgongoni, tiba yake inapitishwa mdomoni!

Nilidhani ni mkosi wangu. Baadaye, nilipoanza kuandika na kuyasoma mambo haya, nikagundua kwamba mkosi haumo. Ni hesabu tu, na katika hesabu hiyo ngozi ya kabwela haijawekewa bei.

SABUNI NI DALALI

Hebu tuanze na sabuni yenyewe. Kila chembe yake ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, mkia unapenda mafuta. Kwa hiyo sabuni ni dalali: inawakutanisha maji na mafuta, mahasimu ambao peke yao hawapatani. Ndiyo maana sahani ya pilau inatakata. Wataalamu wanaziita kemikali za aina hii safaktanti, sisi tunaziita sabuni, na kama dalali yeyote wa mji huu, hazijali nani ataumia baada ya biashara kufungwa.

Jani la kabichi limepakwa nta na Mungu mwenyewe. Tone la maji likidondokea pale linajiviringa kama gololi na kuanguka. Tia sabuni: tone linalala, linatanda, linashika. Nta inalegea, dawa inapita. Kuhusu jani, tajiri wangu hakukosea hata kidogo.

Alichosahau, au alichokijua akanyamaza, ni kwamba na mimi nina jani langu. Tabaka la juu kabisa la ngozi ya binadamu limejengwa kama ukuta wa matofali. Seli zilizokufa ndiyo matofali, na mafuta maalumu ya mwili ndiyo udongo unaoyashikanisha. Sehemu nyingi za mwili ukuta huo una unene wa kama moja ya hamsini ya milimita, mwembamba kuliko karatasi ya gazeti. Huo ndio ulinzi wetu mkuu dhidi ya kila kinachotumwagikia.

Sabuni ikikaa pale inafanya kazi nne. Kwanza, inaifanya dawa itande eneo kubwa badala ya kudondoka. Pili, inazoa mafuta ya ukuta. Udongo unatoka, matofali yanabaki yanacheza. Tatu, inaziingia protini za matofali yenyewe na kuyavimbisha. Nne, inaharibu uchachu wa ngozi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni kama 5, lakini sabuni ya mche ina pH ya 9 hadi 10. Sabuni haijui tofauti ya kabichi na mgongo wako. Kinachoushinda ukuta wa kwanza kinaushinda na wa pili.

Haya si maneno ya kijiweni. Kuna kemikali ya sabuni iitwayo SLS, ambayo imo kwenye shampuu na dawa nyingi za meno. Watafiti wa ngozi wanapotaka kuichubua ngozi kwa makusudi, ili wapime ukuta unavyovunjika, hiyo ndiyo wanayoipaka. Kinachotumika maabara kama nyundo, ndugu zake tunawakoroga kwenye bomba kwa kijiti na kuwabeba mgongoni.

Wala usidhani ukiacha kutia sabuni ya dukani umesalimika. Angalia chupa. Ukiona herufi EC baada ya jina la dawa, ujue sabuni imeshatiwa kiwandani. Ndiyo maana dawa ya namna hiyo ikikutana na maji inageuka nyeupe kama maziwa: sabuni imeyakatakata mafuta yenye sumu kuwa vitone vidogo mno. Tajiri alikuwa akinitilia sabuni juu ya sabuni.

MCHIRIZI UNAELEKEA WAPI?

Sasa vijana wenzangu sogeeni karibu, maana hili linatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1971 Howard Maibach na wenzake, huko California, walichapisha matokeo ya kupaka sumu za wadudu kwenye sehemu mbalimbali za mwili wa binadamu. Mojawapo ilikuwa parathioni, ambayo ni ya ukoo mmoja na profenofosi inayopigwa kwenye mboga. Kwenye kigasha cha mkono iliingia chini ya asilimia 9. Tumboni iliingia kama asilimia 18. Kwapani, asilimia 64. Kwenye korodani iliingia karibu yote.

Soma tena: karibu yote.

Na mchirizi wa bomba linalovuja unaelekea wapi? Haukimbilii kiganjani, ambako tajiri mwenye huruma angekununulia glavu. Unafuata uti wa mgongo, unapita kiunoni, unaingia kwenye bukta na kuweka kambi humo. Bukta iliyolowa inaifunika sumu kama mfuniko wa sufuria. Joto la Dar es Salaam linaipeleka damu karibu na ngozi kuipokea. Juu ya yote hayo, sabuni inabomoa ukuta. Halafu tunashangaa kijana wa miaka 24 anatetemeka kama mzee!

Sumu za ukoo huu zinakikamata kimeng'enya kinachozima ishara za neva. Ishara zikikosa wa kuzizima, mate yanatoka, jasho linatoka, mboni za macho zinasinyaa, misuli inachezacheza, kifua kinabana. Zikizidi, pumzi inakata. Hizo zilikuwa dalili zangu usiku ule, na mimi nikapewa dawa za malaria.

ALIYEFUNGUA GETI HATAJWI

Sasa tuje kwenye kiini cha ugomvi wetu. Shika chupa ya dawa ya magugu. Iliyo mezani kwangu ninapoandika haya imeandikwa: glaifoseti, gramu 480 kwa lita. Lita moja ya dawa hiyo ina uzito unaozidi kilo. Zile gramu zilizobaki, zaidi ya 500, ni za nini? Chupa kimya. Maji yamo, hilo tunajua. Na nini kingine?

Chukua mfano unaojulikana. Roundup ya awali, iliyoingia sokoni mwaka 1974, ilikuwa na kiini kama asilimia 41. Ilikuwa pia na sabuni iitwayo POEA, iliyotokana na mafuta ya wanyama, kama asilimia 15. Katika kila lita hiyo ni karibu glasi nzima ya sabuni. Lakini sheria ya Marekani kuhusu dawa hizi haikiwajibishi kiwanda kuvitaja kwenye kibandiko viambato visivyo kiini. Miaka yote vimeitwa kwa jina lenye maana ya "visivyofanya kazi". Eti sabuni inayofungua mlango haifanyi kazi! Ni sawa na kumkamata mwizi na kumwacha mlinzi aliyemfungulia geti.

Na wakubwa hawajui? Wanajua sana. Novemba 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba POEA ilionekana kuwa na sumu kali kuliko glaifoseti yenyewe katika vipimo vyote vilivyoangaliwa. Agosti 2016 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku sabuni hiyo kwenye dawa zote za glaifoseti. Glaifoseti yenyewe ikabaki, na mwaka 2023 ikaongezewa miaka 10. Umeliona hilo, ndugu msomaji? Waliibakiza dawa, wakaifukuza sabuni. Sisi huku bado tunaambiwa tusome kiini tu.

Mfano mwingine. Mwaka 2002 kampuni ya Monsanto, iliyokuwa mwenye Roundup wakati huo, ilikuwa na utafiti katika taasisi ya TNO huko Uholanzi. Kazi ilikuwa kupima ni kiasi gani cha dawa kinapenya ngozi ya panya. Namba zilipotoka kubwa kuliko ilivyozoeleka, utafiti ukasimamishwa. Barua pepe za ndani, zilizokuja kufichuliwa kwenye kesi miaka mingi baadaye, zilionyesha hofu kwamba namba zile zingevuruga hesabu za usalama wa dawa. Ni kweli kwamba ngozi ya panya hupitisha zaidi kuliko ngozi ya mtu. Lakini dawa ya mashaka ni kupima zaidi. Anayezima taa katikati ya kuhesabu, tunamwitaje?

Kesi mojawapo ilikuwa ya Dewayne Johnson, mtunza viwanja vya shule huko California, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga dawa hiyo ya magugu. Mpira wa bomba ulimpasukia, akalowa. Baadaye akapata limfoma, saratani iliyomtoka mpaka kwenye ngozi. Agosti 2018 jopo la wananchi mahakamani San Francisco liliamua alipwe dola milioni 289. Zikapunguzwa na kupunguzwa tena, mpaka mwaka 2020 zikabaki milioni 20.5.

Sisemi kila aliyebeba bomba la glaifoseti atapata saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema mwaka 2015 kwamba huenda inasababisha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ikasema haielekei. Wavutane. Ninachosema ni kwamba Johnson alikuwa na ovaroli na alikuwa na wakili. Mpiga dawa wa bondeni ana nini? Ana fulana ya kampeni.

NA HAPA KWETU?

Mwaka 2007 Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania. Kama theluthi moja walikuwa wanachanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja. Kuhusu michanganyiko hiyo hapakuwa na maelekezo yoyote, si kwenye chupa, si kwa bwana shamba. Na katika kila wakulima 100, 68 walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa: ngozi, kichwa, kizunguzungu.

Fikiri dawa tatu kwenye bomba moja. Kila moja imekuja na sabuni yake ya kiwandani, na tajiri ameongeza yake ya unga. Mchanganyiko huo haujapimwa na maabara yoyote duniani, kwa sababu umezaliwa asubuhi ile ile kando ya kisima. Maabara ni mgongo wa kijana. Panya ni sisi, tena panya wa maabara hupewa chakula bure.

Najua wataalamu wa maofisini watanijibu. Watasema: "Kijana huyu kaishia kidato cha nne. Sabuni haiongezi kupenya siku zote. Ikizidi kiasi fulani, chembe zake hujikusanya vikundi na kuikumbatia sumu, na kupenya kukapungua." Waheshimiwa, hilo ni kweli kabisa, na ninalikubali mchana kweupe. Inategemea ni sabuni gani, ni sumu gani, kiasi gani, na imekaa muda gani mwilini. Lakini angalieni mlichojifunga nacho wenyewe. Kama kila mchanganyiko una tabia yake, basi kukipima kiini peke yake hakutuambii kitu kuhusu kilichomo kwenye bomba. Hoja yenu ndiyo hoja yangu. Pimeni mchanganyiko!

Wengine watasema kosa ni letu, hatuvai vifaa. Kifaa gani? Glavu za kitambaa zinazonyonya dawa na kuishikilia mkononi kutwa nzima? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri mzigo wa kumlinda mfanyakazi. Lakini tajiri wa bustani hana kiwanda, hana ofisi, hana hata kibao. Nani atamkagua bondeni saa kumi na mbili asubuhi?

USISEME "MIMI SI MKULIMA"

Wewe wa gereji unayenawa oili kwa petroli na kumalizia kwa sabuni ya unga, habari hii ni yako. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Petroli yenyewe huzoa mafuta ya ngozi, sabuni kali ikimalizia kazi ukuta umebaki uchi, na kesho asubuhi unaanza tena. Wewe wa kuosha magari unayesafisha injini kwa mafuta ya taa na povu, habari hii ni yako. Mikono yako iliyopasuka na kuwasha si alama ya uanaume. Ni mlango ulioachwa wazi.

TUNADAI NINI?

Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2020. Tunaiuliza hadharani, na tunasubiri jibu hadharani.

Kwanza, kila chupa itaje kwa Kiswahili kila kilichomo, sabuni ikiwemo, na kiasi chake. Siri ya kibiashara isiwe kubwa kuliko ngozi ya mtu.

Pili, kabla ya kusajili dawa, upenyaji kwenye ngozi upimwe kwa dawa nzima kama inavyouzwa na kama inavyochanganywa na maji, katika joto la kwetu na kwenye ngozi yenye jasho. Kiini peke yake hakipandi mgongoni kwa mtu.

Tatu, chupa iseme wazi ipi isichanganywe na ipi, na kama sabuni ya kufulia inaruhusiwa au la.

Nne, kila zahanati iliyo karibu na mabonde ya mboga ijue dalili za sumu hizi, ili kijana asipewe dawa za malaria wakati neva zake zinaungua.

Lakini tusiwangoje wakubwa tukiwa tumekaa. Leo hii, bomba likivuja, liweke chini. Likataliwe kama noti bandia. Vaa mfuko mgumu wa nailoni mgongoni chini ya bomba, ushuke mpaka chini ya makalio. Ukilowa, usingoje jioni: vua nguo hapo hapo, mwagia maji mengi yanayotiririka, tumia sabuni laini ya kuogea kwa mkono mwepesi, kisha suuza sana. Acha dodoki, brashi, petroli na sabuni ya unga. Kusugua kwa nguvu kunaweza kuisukuma ndani sumu iliyokuwa bado juu, na kosa nililolifanya mimi usilirudie wewe. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Ukijisikia vibaya, nenda hospitali na chupa yenyewe mkononi, useme wazi: "Nimelowa dawa hii." Chupa hiyo itakusemea ukishindwa kusema.

Na umwulize tajiri wako swali nililoshindwa kuuliza mimi: kama dawa hii ni salama kiasi hicho, mbona hujawahi kulibeba bomba wewe?

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwahi kuona bomba la lita 16, lakini walijua. Safari hii kimo ndani ya fulana ya kampeni, kimekorogwa na sabuni, na jina lake halipo kwenye chupa.